Google Patents kwa mwandishi wa programu: hodari wa kufukua yaliyopita, bubu kuhusu mpaka wa leo

Tuanze na hukumu, maana wengi hufika hapa na swali moja tu: je, Google Patents, huduma ya Google ya kutafuta hataza (haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wako), inatosha kukuambia kama programu unayoiandika inakanyaga hataza ya mtu? Haitoshi. Ila kama unachotafuta ni ushahidi kwamba jambo fulani lilikuwa likifanyika kabla mtu hajalipatia hataza, hakuna chombo cha bure kinachoifikia. Kwa kazi hiyo ya pili inastahili alama nne na nusu kati ya tano. Kwa ile ya kwanza, mbili, na moja kati ya hizo mbili ni ya ukarimu.

Pengo hilo si la kuwalaumu wahandisi wa Google peke yao. Hataza ya programu ina kasoro ambayo hataza ya bawaba au ya vali haina sana: ukiitazama huoni kwa urahisi inaishia wapi. Mshindani asiyeuona mpaka hufanya moja kati ya mambo matatu: hukaa mbali kuliko inavyomlazimu, hulipa asichodaiwa, au huingia kichwa kichwa akasubiri barua ya wakili. Kwa hiyo tunakipima chombo hiki kwa kipimo kimoja: kinapunguza ukungu huo kwa kiasi gani?

Kilichomo

Huduma ilianza Desemba 2006 ikiwa na hataza za Marekani pekee. Sasa ina nyaraka zaidi ya milioni 120 kutoka ofisi za hataza zaidi ya 100, na zilizoandikwa kwa Kichina, Kijapani au Kikorea huwekewa tafsiri ya mashine kwa Kiingereza. Hujisajili, hulipi. Ukurasa wa hataza moja unasomeka vizuri kwenye kompyuta: muhtasari na michoro juu, kisha safu mbili, maelezo upande mmoja na madai upande mwingine. Chini yake kuna hataza zilizotajwa, hataza zilizoitaja hii, nyaraka zinazofanana, na jedwali la matukio ya kisheria.

Anayeanza hupotelea kwenye muhtasari. Muhtasari hauna nguvu yoyote ya kumzuia mtu. Hataza ni kama hati ya kiwanja: maelezo yanasimulia kiwanja kilivyo, lakini mawe ya mpaka ni madai. Nenda moja kwa moja kwenye dai namba 1, kisha tafuta madai mengine yanayosimama yenyewe bila kusema "kama katika dai namba fulani". Yakate vipande, kipande kimoja kwa mstari, uweke pembeni ya kila kipande kile ambacho programu yako inafanya. Kipande kimoja kikikosekana, wala pasiwepo kinachofanya kazi ileile kwa njia ileile, dai hilo halijakugusa. Hiyo ni kazi ya nusu saa hadi saa mbili kwa hataza moja, na Google Patents haikupunguzii hata dakika moja. Inakupa maandishi yanayoweza kunakiliwa, basi.

Jaribio: hataza ya SIFT

Andika US6711293B1 kwenye kisanduku cha kutafutia. Inatokea hataza ya Chuo Kikuu cha British Columbia cha Kanada, mvumbuzi David Lowe, iliyoombwa Machi 2000 na kutolewa Machi 2004. Hii ndiyo SIFT, mbinu ya kutambua alama kwenye picha hata picha ikikuzwa, ikipunguzwa au ikizungushwa. Jambo la kwanza la kuzingatia: jina la hataza halina neno SIFT. Linazungumzia mbinu na kifaa cha kutambua sifa zisizobadilika kwa ukubwa, na matumizi yake katika kutafuta kitu kilipo kwenye picha. Anayetafuta kwa kulipekua jina tu hataiona.

La pili ni tarehe, na hapa ukurasa unafanya kazi nzuri. Mstari wa matukio unaonyesha kipaumbele cha mwaka 1999, kuwasilishwa 2000, kutolewa 2004 na kumalizika 2020. Tarehe hizi hazina uzito sawa. Tarehe ya kipaumbele, yaani ya ombi la kwanza kabisa ambalo hataza inajihesabia, ndiyo inayopima kama kitu kilikuwapo kabla. Tarehe ya kuwasilisha ndiyo inayohesabiwa miaka 20 ya uhai. Tarehe ya kutolewa ndiyo siku mwenye hataza alipopata meno. Ukizichanganya, hesabu yote inaharibika, na makosa mengi ya wasio mawakili huanzia hapo.

La tatu haliko kwenye ukurasa, lakini ndilo linaloipa namba hiyo maana. Kwa miaka mingi OpenCV, maktaba ya programu huria ya picha, iliiweka SIFT kwenye moduli ya vitu visivyo huru. Ungeweza kuijaribu, lakini kuiuza ndani ya bidhaa ilikuwa habari nyingine. Mwaka 2011 ikaja ORB, mbinu nyingine ya kazi hiyohiyo, na makala iliyoitangaza ilisema waziwazi kwenye kichwa chake kwamba ni mbadala wa SIFT na wa SURF, mbinu nyingine tena ya aina hiyo. ORB hueleza kila alama kwa baiti 32, SIFT kwa namba 128. ORB ni nyepesi na ya haraka, ila picha ikibadilika sana ukubwa, SIFT bado humshinda mwenzake. Hataza ilipoisha Machi 2020, toleo la OpenCV 4.4.0 la Julai mwaka huohuo likairudisha SIFT kwenye sehemu kuu ya maktaba.

Mtetezi wa hataza ataitaja ORB kama ushahidi kwamba kizuizi huzaa ubunifu, na hasemi uongo. Lakini muulize mhandisi aliyehitaji kweli uwezo wa SIFT katikati ya kipindi hicho: alichagua mbinu kwa ubora au kwa kuogopa wakili? Wenye bajeti walichukua leseni. Wengine walizoea kilicho hafifu. Ushindani haukufa, ila uliamuliwa na kitu kisichohusu nani kaandika programu bora.

Maneno yanayokuponyoka

Udhaifu mkubwa wa kutafuta hataza za programu ni lugha. Mwombaji haandiki "kitufe", anaandika "kipengele cha kiolesura kinachoweza kuchaguliwa". Haandiki "simu", anaandika "kifaa cha kukokotoa chenye kichakataji na hifadhi". Anafanya hivyo kwa makusudi, ili dai limeze na vitu ambavyo bado havijabuniwa. Matokeo yake neno ambalo tasnia nzima inalitumia linaweza lisiwemo kabisa kwenye hataza inayolihusu.

Mfano unaoweza kuujaribu mwenyewe ni US5718632. Ni hataza ya Namco, kampuni ya michezo ya video ya Japani, iliyoombwa Novemba 1995, juu ya kumpa mchezaji mchezo mdogo wakati mchezo mkubwa unapakiwa. Jina lake linazungumzia chombo cha kurekodia, mbinu ya kupakia msimbo wa mchezo, na mashine ya michezo. Anayeandika "skrini ya kupakia" kwa Kiingereza cha mtaani hana hakika ya kuikuta juu. Ilidumu hadi Novemba 2015, yaani kizazi kizima cha michezo ya diski, hasa pale kusubiri kulipokuwa kurefu. Na kichekesho ni kwamba kaseti za kompyuta ya Commodore 64 zilikuwa na michezo midogo ya kupotezea muda wa kupakia tangu miaka ya 1980. Lakini kaseti si waraka wa hataza. Mkaguzi wa ofisi ya hataza aliyepewa saa chache hupekua kwanza kabati la hataza.

Kwa hiyo usitegemee maneno. Njia inayozaa matunda ni ya ngazi. Kwanza eleza tendo kwa vitenzi: programu inapokea nini, inakifanya nini, inatoa nini. Tafuta kwa maneno hayo na visawe vyake, upate hata hataza moja tu inayokaribia. Fungua hiyo hataza, tazama orodha ya namba za uainishaji wa CPC, mfumo wa pamoja wa ofisi ya Ulaya na ya Marekani unaotumika tangu 2013. Kwa SIFT utakuta tawi la G06V 10/462, ambalo maelezo yake yenyewe yanaitaja SIFT kwa jina. Kwa biashara ya mtandaoni ni G06Q 30/06, kwa ishara za vidole kwenye skrini G06F 3/0488, kwa ubanaji wa data H03M 7/30, kwa michezo ya video A63F 13. Chukua namba hiyo, iandike tena kwenye utafutaji kama CPC=G06V10/462, na sasa ongeza maneno machache ndani ya madai pekee kwa kutumia CL=( ). Kelele inapungua mara moja.

Kuna viunganishi vya ukaribu ambavyo watu wengi hawavijui. WITH hutaka maneno mawili yawe ndani ya maneno 20, SAME ndani ya 200, na NEAR/5 hutaka yapishane kwa maneno matano, mpangilio wowote. Kwa madai ya programu, SAME ndani ya CL ndiyo yenye faida zaidi, kwa kuwa dai moja linaweza kurefuka mpaka ukakosa pumzi. Kisha weka "Deduplicate by Family", vinginevyo uvumbuzi mmoja uliosajiliwa nchi tisa utajaza ukurasa mzima. Ukimaliza, pakua matokeo kama faili la CSV. Kikomo ni mistari 1000, na kikomo hicho kina faida yake: ukikifikia, ujue swali lako bado ni pana.

Hatua ya mwisho ni kufuata nyayo. Chukua hataza mbili au tatu zilizokaribia, uende nyuma kwa zilizotajwa na mbele kwa zilizozitaja. Nyayo hizi huwa na thamani kuliko utafutaji wa maneno, maana ziliwekwa na wakaguzi na waombaji waliosoma kilichomo. Sehemu ya nyaraka zinazofanana, ambayo hupangwa na mashine, husaidia pale nyayo zinapokatika. Usiipe uzito zaidi ya huo.

Inapong'aa: kuvunja hataza mbovu

Marekani ina utaratibu wa kuitisha mapitio ya hataza mbele ya bodi ya ofisi yenyewe, uliopo tangu Septemba 2012. Ni nafuu kuliko kesi ya mahakamani, ingawa ada zake pekee ni makumi ya maelfu ya dola. Masharti yake yanaamua jinsi ya kutafuta. Ushahidi unaokubaliwa ni hataza na machapisho tu. Programu ya zamani iliyo kwenye diski haihesabiki peke yake, lakini kitabu chake cha maelekezo kinahesabika, ili mradi uthibitishe kwamba umma uliweza kukipata kabla ya tarehe. Na ukishakabidhiwa hati ya mashtaka una mwaka mmoja kuomba, baadaye mlango umefungwa.

Mfano bora ni US8112504 ya Personal Audio, iliyotumika kuwaandama watangazaji wa podikasti. Iliombwa mwaka 2009, lakini ilidai kipaumbele cha Oktoba 1996. Aliyetafuta kilichokuwapo kabla ya 2009 alikuwa anapoteza muda, na ndiyo maana kwenye Google Patents kichujio sahihi ni before:priority:19961002 wala si tarehe ya kuchapishwa. Electronic Frontier Foundation, shirika la kutetea haki za watumiaji wa mtandao, liliomba mapitio, na mwaka 2015 bodi ikayafuta madai yaliyopingwa. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikaunga mkono. Ushahidi uliobeba kazi haukuwa hataza. Yalikuwa machapisho yaliyoeleza vipindi vya CNN na CBC vilivyokuwa vikiwekwa mtandaoni mapema.

Funzo hapo ni kuhusu kisanduku kidogo: washa chaguo la kujumuisha makala za Google Scholar pamoja na hataza. Wengi hawalioni. Katika programu, maarifa mengi yalichapishwa kwenye makala za mikutano, miongozo ya watumiaji na orodha za barua, si kwenye hataza, kwa sababu kabla ya miaka ya 1990 waandishi wengi wa programu hawakuwa na mazoea ya kuomba hataza kabisa. Scholar inaziba sehemu tu ya shimo. Kwa miongozo na kurasa za zamani za wavuti lazima uende kwenye Internet Archive, na tarehe ya nakala iliyohifadhiwa ndiyo unayoikamata kama ushahidi.

Inapokwama

Neno "Active" (hai) ndilo linalopotosha kuliko yote. Google yenyewe inaweka tahadhari kwamba hali ya kisheria inayoonyeshwa ni dhana, si hitimisho la kisheria. Lakini ni nani husoma maandishi madogo? "Active" haimaanishi kwamba hataza itasimama mahakamani. Tangu uamuzi wa Alice dhidi ya CLS Bank wa 19 Juni 2014, wazo la kufikirika linalotekelezwa na kompyuta ya kawaida halipati hataza Marekani, na hataza nyingi za tawi la G06Q, lile la mbinu za biashara, zilizotolewa kabla ya siku hiyo zilianguka zilipopingwa. Ambazo hazijapingwa bado zimeandikwa "Active". Wala usidhani kila kitu kilizikwa: uamuzi wa Enfish dhidi ya Microsoft wa 2016 ulihifadhi hataza ya muundo wa hifadhidata kwa hoja kwamba iliboresha kompyuta yenyewe.

Kwa mshindani mdogo, hataza dhaifu inayopumua ina athari karibu sawa na hataza imara. Sheria ya Marekani huichukulia kuwa halali mpaka ithibitishwe vinginevyo, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilishikilia mwaka 2011, katika kesi ya Microsoft na i4i, kwamba anayepinga lazima alete ushahidi ulio wazi na wenye kushawishi. Kujitetea kunagharimu. Anayetishia analijua hilo, kwa hiyo hupanga bei ya leseni chini kidogo ya gharama ya kupigana. Hakuna kichujio cha kukuonyesha hesabu hiyo.

"Expired - Fee Related" (imekufa kwa sababu ya ada) nayo ina mtego. Hataza za Marekani hulipiwa ada za kuzidumisha miaka mitatu na nusu, saba na nusu, na kumi na moja na nusu baada ya kutolewa, na kila mara kuna miezi sita ya nyongeza yenye faini. Asiyelipa hupoteza hataza. Ni habari njema kwako, kwa kuwa teknolojia ya programu huchakaa haraka na wenye hataza wengi huona hazistahili ada ya tatu. Lakini mwenye hataza anaweza kuomba ifufuliwe akieleza kwamba hakukusudia kuchelewa. Kwa hiyo kabla hujajenga bidhaa juu ya hataza iliyokufa kwa ada, thibitisha kwenye ukurasa wa ada wa ofisi ya Marekani. "Expired - Lifetime" (umri wake umekwisha) ni kaburi lililofungwa. Hiyo nyingine ni jeneza lililoegeshwa tu.

Sehemu ya mmiliki haikuelekezi kwa adui. Hataza huuzwa, hugawanywa, huingizwa kwenye kampuni zisizo na bidhaa wala wafanyakazi, na jina unaloliona linaweza kuwa la aliyeomba miaka kumi na tano iliyopita. Hifadhidata ya uhamisho ya ofisi ya Marekani ndiyo ya kuangalia, na hata hiyo huonyesha tu kilichosajiliwa. Kwa kampuni inayoishi kwa kushtaki, ushindani haupo: huwezi kuitishia kwa hataza zako kwa sababu haiuzi kitu ambacho ungeweza kukizuia. Ndiyo maana ghala la hataza ambalo kampuni kubwa hulitumia kutunishiana misuli halikusaidii mbele yake.

Madai unayoyasoma ni yale yaliyochapwa siku hataza ilipotolewa. Yakirekebishwa baadaye, marekebisho hutoka kwenye cheti cha pembeni. Hataza ya Amazon ya kununua kwa mbofyo mmoja, US5960411, ilitolewa Septemba 1999, ikatumika kuishtaki Barnes & Noble mwaka huohuo, na kisha madai yake yakafinywa katika uchunguzi upya uliomalizika 2010. Anayesoma maandishi ya 1999 anaogopa kitu kipana kuliko kilichobaki. Iliisha Septemba 2017.

Na kuna yale yasiyoonekana kabisa. Maombi mengi huchapishwa miezi 18 baada ya tarehe ya kipaumbele, na Marekani mwombaji asiyeomba nchi nyingine anaweza kutaka yasichapishwe hadi hataza itolewe. Kwa programu inayotolewa toleo jipya kila wiki mbili, miezi 18 ni umri.

Baya zaidi ni maombi ya mwendelezo. Mwenye hataza huacha ombi moja la mtoto likiwa wazi, anatazama washindani wanatoa nini, kisha anaandika madai mapya yanayoikumba bidhaa hiyo huku akibaki na tarehe ileile ya zamani, mradi maelezo ya mwanzo yanayabeba. Hivyo utafutaji wako wa leo unaweza kuwa safi na mwakani ukawa mchafu bila wewe kubadilisha hata mstari mmoja wa msimbo. Google Patents inaonyesha familia chini ya ukurasa. Tafuta humo neno "Continuation", uone kama kuna ombi bado liko hai. Likiwepo, usiseme umemaliza.

Nani asiitumie

Jibu litakushangaza: mara nyingi ni mwandishi wa programu mwenyewe. Marekani, mahakama inaweza kuongeza fidia hadi mara tatu kwa aliyekiuka kwa makusudi, na makusudi hujengwa juu ya kujua. Ujumbe wa ndani unaosema "nimeona hataza hii, nadhani tunaikanyaga" ni zawadi kwa wakili wa upande wa pili. Ndiyo sababu kampuni kadhaa huwakataza wahandisi wao kusoma hataza za washindani. Mfumo uliojengwa ili watu wafichue maarifa kwa kubadilishana na ulinzi umeishia kuwafundisha walengwa wa maarifa hayo kufumba macho.

Utaratibu wa busara ni huu: mhandisi anaandika maelezo ya tendo bila kutafuta chochote, wakili au mtafutaji aliyetumwa na wakili ndiye anayepekua, na maoni kuhusu kukanyaga au kutokanyaga hayaandikwi kwenye gumzo la timu. Kwa anayetafuta ushahidi wa kale, au hataza zilizokwisha, hatari hiyo ni ndogo mno, na huko ndiko tunakompendekezea mhandisi aanzie.

Espacenet kwa ufupi

Espacenet, ya ofisi ya hataza ya Ulaya, ipo tangu 1998 na nayo ni bure. Utafutaji wake wa maneno unachosha zaidi, na ukurasa wake hauna mvuto. Lakini kwa familia za hataza na matukio ya kisheria nje ya Marekani ndiyo tunayoiamini, na kivinjari chake cha CPC kinakufikisha kwenye tawi sahihi haraka. Ni muhimu hasa kwa programu, kwa sababu mkataba wa hataza wa Ulaya, kifungu cha 52, hautambui programu ya kompyuta yenyewe kama uvumbuzi. Kinachopita ni chenye mchango wa kiufundi. Kwa hiyo hataza iliyotolewa Marekani inaweza kuwa na ndugu wa Ulaya aliyekataliwa au aliyepunguzwa hadi akawa kivuli. Ombi la Amazon la mbofyo mmoja lilikataliwa huko.

Kutoka kwenye ukurasa wa Google Patents kuna kiungo cha Espacenet na cha Global Dossier, ambako utakuta faili la mabishano kati ya mwombaji na mkaguzi kwenye ofisi tano kubwa. Soma majibu ya mwombaji. Alichokiachia ili apate hataza hawezi kukidai tena kirahisi akikushtaki, na mara nyingi sentensi moja ya wakili wake wa miaka ile ndiyo njia yako ya kupita.

Kichujio kinachokosekana, na ujanja wa kukizunguka

Tungetamani kichujio cha hataza zilizokwisha. Hakipo: kuna "Grant" (iliyotolewa) na "Application" (ombi) tu, hai na mfu wamelala chumba kimoja. Ujanja ni kutumia tarehe ya kuwasilisha. Weka before:filing: na tarehe ya miaka 21 nyuma, chagua "Grant" na tawi lako la CPC, kisha thibitisha kila unayoipenda, maana nyingine huongezewa siku kwa ucheleweshaji wa ofisi. Utapata maktaba ya mbinu zilizoelezwa hatua kwa hatua, na madai hayo hayana tena wa kukuzuia.

Jaribu na US6867776, hataza ya Ken Perlin iliyogusa kelele ya simplex inayotumika kutengeneza milima, mawingu na marumaru kwenye picha za kompyuta. Iliombwa Januari 2002, ikaisha Januari 2022. Watengenezaji wa michezo walioikwepa walikwishaandika OpenSimplex tangu 2014, kwa muundo wa gridi tofauti. Sasa mbinu ya asili iko huru, lakini injini nyingi zimeshajengwa juu ya ile ya kukwepea, na ramani za dunia zilizozalishwa nayo zingebadilika sura zote ukiigusa.